Mama Aliyeliliwa Akiwa Njiani

Shiro Meda, Addis Ababa
2 Tikimti

Mdogo wangu Algase,

Salamu sana. Najua umenuna. Sikukuu ya Maskala imepita, vijana wote wa kufuma wamerudi nyumbani na siagi na nyama, na mimi sikutokea. Mama kakaa mlangoni anaangalia njia, sivyo? Usinitukane kwanza, soma mpaka mwisho.

Nilipata kazi. Yuko binti mmoja wa chuo kikuu, Bi Hirut, anachunguza lugha yetu ya Kizargula. Ndiyo, hiyo hiyo ambayo sokoni tunachekwa tukiisema. Ananiketisha kwenye kiti, anawasha kinasa sauti, ananiuliza. Kumbe majina yetu yana mikia, Algase! Kuna mkia tunaouweka kwenye jina la mtu anayeingia kwenye mazungumzo mara ya kwanza. Kuna mkia wa yule tunayemjua sote, tuliyekwisha kumtaja. Na kuna mkia wa kusema ni huyu, si mwingine. Miaka yote nimekuwa nao mdomoni sina habari. Bi Hirut akiusikia anaruka kama kaokota dhahabu. Siku nzima ni chui kala mbuzi, ni chui ndiye aliyekula mbuzi, yule mbuzi kaliwa na chui. Nikirudi nyumbani nafuma huku nanguruma.

Sasa nikwambie lililonifanya nikuandikie. Juzi akasema tuache chui, tuseme habari ya watu. Akauliza, "Nani amekufa?" Akataka nijibu kwa mkia ule wa huyu si mwingine. Nikasita. Akasema taja mtu yeyote, ni mfano tu. Kichwa kikawa kitupu, na mdomo, sijui shetani gani kaupitia, ukasema mama. Mama ndiye aliyekufa. Akanirudisha niseme tena kwa mkia wa pili, na wa tatu. Nikasema! Mashine ikanywa yote.

Nimemchuria mama yangu mzazi, Algase, tena kwa mikia mitatu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Niambie hajambo. Nijibu upesi, mpe barua huyo huyo dereva wa lori la nyuzi aliyekuletea hii.

Kaka yako,
Anjulo

*

Oshola
12 Tikimti

We Anjulo,

Mjinga mkubwa! Hivi chuo kizima kilikosa jina lingine? Si ungemtaja mwenye nyumba wako anayekupandishia kodi? Ungelitaja hata jina langu ningekusamehe, lakini mama!

Mama hajambo. Sasa hivi yuko nyuma anakwangua migomba ya kutengenezea mkate wa kocho, anamgombeza mbuzi wa jirani, namsikia mpaka huku. Sijamwambia neno. Barua yako nilimsomea ile sehemu ya chui tu, akacheka, akasema na huyo binti naye hana kazi ya kufanya. Yaliyobaki nimeyakunja.

Ila na mimi moyo umenipasuka, nisikufiche. Unajua kwetu maneno kama hayo hayaachwi yazurure. Chuma majani mabichi, nenda kwenye kiti kile kile, uketi, uyashike majani mkononi, uyarudishe maneno uliyoyatoa. Sema mama yangu anakula, mama yangu anatembea. Usione haya mbele ya huyo binti. Haya haimfai mtu kitu.

Tuko wazima wote. Shayiri imesimama vizuri. Tuko wazima. Mama anakusalimu.

Dada yako,
Algase

*

Shiro Meda
26 Tikimti

Algase,

Nilikwenda. Majani nimeyachuma kando ya mfereji, maana Shiro Meda majani mabichi ni ya kutafuta kwa tochi. Nikaketi pale pale, nikasema kama ulivyoniambia. Bi Hirut alicheka mwanzo, kisha akaniona usoni akaacha. Si mtu mbaya. Akanipa maji. Nikamwomba ayafute yale maneno kwenye mashine. Akasema, "Anjulo, hayo ndiyo mazuri kuliko yote uliyonipa, nimeshayanakili, mwezi ujao nitayasoma mbele ya walimu wangu." Mbele ya walimu! Ukumbi mzima utasikia mama yangu kafa, na mwenye kusema ni mimi.

Tena nimeirudia barua yako mara nyingi. Mbona unasema mko wazima, halafu unasema tena mko wazima? Nani alikuuliza mara ya pili? Na mama "anakusalimu" tu, basi? Mama hajawahi kunisalimu bila kunikaripia. Lazima aseme nimekonda, au aulize nitaoa lini, au aseme shuka nililomtumia lina nyuzi zilizolegea. Leo kaishiwa maneno?

Wewe unajua na mimi najua. Hakuna mtu wa kwetu anayeandika msiba kwenye barua. Barua siku zote watu ni wazima, mpaka asubuhi moja unaona wazee wamesimama uani kwako, hawakai, hawanywi kitu, na hapo ndipo unajua. Nimeshaona wenzangu wangapi hapa wakisoma "tuko wazima" wiki nzima, na huko nyumbani kaburi limeshaota nyasi.

Nakuomba, mpelekee mama kalamu. Aseme neno lake, lolote, hata tusi. Nitalijua kama ni lake.

Anjulo

*

Oshola
9 Hidari

Kaka Anjulo,

Barua imefika. Tuko wazima wote. Mama hajambo, nguvu anazo. Hakuweza kusema neno la kukuandikia kwa sababu ana shughuli.

Usije nyumbani sasa. Mvua imeharibu njia ya kupandia huku. Kaa hapo hapo ulipo, usihame nyumba, usisafiri, hata ukisikia nini. Nakuomba sana hilo.

Kula vizuri. Tuko wazima.

Algase

*

Shiro Meda
20 Hidari

Algase,

Usiniandikie tena kwamba mko wazima. Inatosha.

Barua yako ilipofika nilimpa Sorsa aisome, huyu ninayefuma naye chumba kimoja. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia bila kuniangalia. Nikamwambia sema. Akasema, "Ndugu yangu, mtu akiambiwa kaa hapo hapo usisafiri, unafikiri ni kwa nini?" Kwamba wazee wako njiani. Kwamba wasije wakapishana nami.

Bado nilikataa. Nikasema Algase hawezi. Lakini leo mchana nimemwona Gatiso, yule jirani yetu mwenye lori. Yuko upande wa pili wa barabara, kwenye duka la nyuzi. Nikapaza sauti, "Gatiso! Gatiso!" nikamkimbilia. Aliniona. Wallahi aliniona, macho kwa macho, akageuza uso akaingia uchochoroni kama mwizi. Gatiso, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo! Mtu wa kwenu anakukimbia kwa sababu gani, kama si kwamba kabeba neno ambalo hajaruhusiwa kulitua?

Nimenyoa kichwa. Sorsa ndiye aliyeninyoa, huku analia kuliko mimi. Kesho asubuhi vijana wataweka turubai uani. Wengi ni wa milima mingine, wana vilio vyao, lakini wamesema hawatauacha msiba wangu ukae kimya. Mimi nitaketi chini, na wazee watakapofika watanikuta nimeshajua.

Ni mimi nimemuua, Algase. Hilo hata usinijibu.

Anjulo

*

Oshola
27 Hidari

Kaka, kama ni wewe unayesoma,

Sijui namwandikia nani. 

Acha nianze mwanzo, maana sasa hakuna cha kuficha. Barua yako ya kuomba neno la mama ilinikuta jikoni. Mama aliniona nalia. Unamjua, hakuniacha mpaka nikamsomea yote, kiti, mashine, mikia mitatu, walimu. Nilidhani ataanguka. Akamaliza kunywa chai yake ya majani ya kahawa, akaweka kikombe chini, akasema, "Majani mabichi hayatoshi kwa hilo. Aliyeuawa kwa mdomo lazima asimame mwenyewe mbele ya mdomo uliomuua, bila kutangulizwa habari, alishwe kwa mkono wa yule yule. Ndivyo ilivyofanywa kwa bibi yangu." Siku ile ile akafunga kitambaa kiunoni tayari kwa safari. Mama, Anjulo! Hajawahi kuvuka Arba Minch, Kiamhara hajui hata cha kuombea maji. Gatiso alikubali kumbeba kwa lori lake. Tuliapishwa wote wawili tusikwambie, maana ukijua mapema haifai kitu. Ndiyo maana nikakuandikia usihame. Ndiyo maana Gatiso akakukimbia. Mama alikuwa kwenye nyumba alikofikia Gatiso, mitaa miwili tu kutoka pale, anapumzisha miguu ili asubuhi aje kwako!

Asubuhi Gatiso akamfikisha kwenye kona ya uchochoro wenu, akamwacha aende peke yake. Na wewe umeshaweka turubai. Mama akasikia wanaume wanalia, wanaita Anjulo, Anjulo, ee Anjulo. Hao vijana wa milima mingine, nasikia, wakilia huita jina la mfiwa. Kwetu, kaka, anayeitwa kwa kilio ni yule aliyelala ndani. Mama hakujua kama kuna watu wanaolia kinyume.

Ungeuliza kwa nini hakuingia akajionea. Unajua kwa nini. Kwetu mama hamwangalii kifungua mimba wake akiwa maiti, akimwangalia na waliobaki wanafuata. Aliyebaki ni mimi. Alishika ukuta, akageuka nyuma, kwa ajili yangu. Gatiso anasema alimkuta amekaa barabarani katikati ya magari, na yeye mwenyewe alipokwenda mpaka kona akasikia jina lako linaitwa kwa kilio, akakimbia. Alimwambia mama, "Lakini jana nimemwona kwa macho yangu." Mama akamjibu, "Jana si leo."

Amerudi juzi. Amenyoa. Nyumba imejaa watu. Hali, maji tu ndiyo anayoonja. Barua yako ya tarehe ishirini imenifikia leo, nikaruka nayo mpaka kwake, nikampigia kelele mbele ya watu, "Mama! Yu hai! Alikuwa anakulilia wewe!" Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye wa kuhurumiwa, akasema, "Barua gani umewahi kuiona inasema mtu amekufa?"

Nikamwonyesha maandishi yako. Akasema, "Aliandika kabla." Na mimi ninakuandikia, Anjulo, lakini moyoni kuna kidudu kinaniuliza, je, kama mama ndiye mwenye akili? Je, vijana walikuwa wanakulilia wewe kweli? Ulikufa kwa majonzi usiku ule? Nakwambia wazi, naogopa.

Siku ya soko kubwa lijalo wazee watachinja ng'ombe wa kumaliza msiba. Damu ikimwagika jina lako limefungwa, halitamkwi tena katika nyumba hii, na zile nguzo za kitanda chako cha kufumia zitang'olewa. Mama amesema hatakula mpaka siku hiyo. Baada ya hapo hajasema atakula.

Barua haitasaidia kitu. Uje wewe, na miguu yako.

Algase

*

Arba Minch
4 Tahsasi

Algase,

Ni mimi. Niko hai. Nimechovya kidole kwenye wino nikapiga chapa hapo chini, kisha nikajicheka, kwani maiti hana kidole?

Nilitoka saa ile ile niliposoma barua yako. Sorsa aliachia kazi yake akanisindikiza mpaka kituoni, hajui acheke au alie, alikuwa akinifinya mkono njia nzima ahakikishe ninaumia. Malori ya kupanda huko yamekwama matopeni. Mvua uliyonidanganya nayo imenyesha ya kweli. Nitapanda kwa miguu. Nimemkuta Gatiso hapa. Aliponiona aliangusha mzigo akarudi nyuma mpaka ukutani, ikabidi nile ndizi mbele yake mpaka maganda. Sasa anatangulia na barua hii, anajua njia ya mkato.

Nisikilize. Ninaogopa kufika kuliko nilivyoogopa kutofika. Gatiso ni dume zima na alikaribia kuzimia. Mama hajala siku zote hizo. Nikitokea mlangoni ghafla, na kichwa hiki kilichonyolewa, nimekonda hivi, si nitamuua kweli sasa? Na hao waombolezaji wataninyooshea mikuki. Lakini nikikaa nje, ng'ombe anachinjwa. Fikiri, dada yangu, wewe siku zote una akili kunishinda, ingawa sijawahi kukwambia. Niingie vipi? Nitangoja kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba mpaka uje unichukue.

Nilikuwa ninamwomba Mungu nimwone mama. Sasa naomba yeye anione mimi asife.

Anjulo

*

Oshola
21 Tahsasi

Kwa Bi Hirut, chuoni,

Salamu. Barua uliyomwandikia kaka yangu imefika, ile ya kuuliza yuko wapi na lini atarudi mmalizie kazi. Hawezi kukujibu mwenyewe. Mimi ni Algase, mdogo wake, naandika kwa niaba yake, na sababu ya yeye kutoandika nitakwambia.

Sitakulaumu. Nilitaka, nilikuwa na barua nzima ya matusi kichwani, lakini kaka anasema ulimpa maji. Pia anasema hukujua. Sawa.

Alifika asubuhi ya ile siku ya soko, ng'ombe keshafungwa. Nilimkuta kwenye migomba, na mimi niliyemwita nyumbani nikashindwa kumsogelea. Alisema, "Algase, ni mimi." Nikamwambia, "Sema kitu kingine." Akasema mbona nimenenepa. Hapo nikamkumbatia, nikamlowesha.

Nilimpitisha nyuma, nikamketisha kwenye kitanda chake cha zamani cha kufumia, kipo kibandani, bado kina nyuzi za mtande wa shuka alilolianza kabla hajaenda kwenu. Nikamwambia piga. Kila mfumaji ana mkono wake wa kugonga uzi, na wa kaka una kasoro, anagonga mara mbili kisha anapumzika kana kwamba kasahau jambo. Baba alimpiga sana kwa ajili hiyo. Akaanza. Nilisimama mlangoni kwa mama na gongo mkononi, maana wanaume waliposikia walinyanyuka, na mzee mmoja akasema huyo ni marehemu amefuata nguzo zake. Nikamwambia mtu akitoka nje nampasua. Mimi, mbele ya wazee. Niombee.

Mama alikuwa amelala kando ya ukuta. Alisikiliza. Muda mrefu alisikiliza tu, midomo imekauka. Kisha akaanza kutambaa. Kusimama hakuweza. Nikaweka gongo chini, nikamshika kwapani, tukatoka.

Alimwona. Hakupiga kelele. Akaita jina lake, na hili ukipenda liandike kwenye kazi yako: alilitia ule mkia wa mtu anayetajwa mara ya kwanza, kana kwamba nyumba hii haijawahi kuwa na Anjulo, kana kwamba anamuuliza mgeni wewe umetoka wapi. Kaka akajibu, "Naam, mama." Akaita tena vile vile. Kaka akajibu tena, machozi yanamdondokea kwenye uzi. Mara ya tatu akamwita kama anavyomwita siku zote akiwa kamkasirikia, akasema, "Shuka lile lina nyuzi zilizolegea."

Nilileta kocho. Kaka akaumega, akauchovya kwenye siagi, akamtia mama mdomoni kwa mkono wake, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Alitafuna polepole. Wazee wakamfungua ng'ombe. Yule aliyesema marehemu amefuata nguzo zake alikuwa wa kwanza kutaka kahawa.

Nilidhani hapo ndiyo mwisho. Lakini mama, alipokwisha kumeza, alikishika kile kiganja kilichomlisha, cha kulia, na hajakiachia mpaka leo. Sitii chumvi. Anakula huku amekishika. Akilala amekishika. Kaka akienda uani mama anamfuata mpaka mlango wa choo, anampa faragha ya urefu wa mkono. Tukijaribu kuvichomoa vidole akiwa amelala anaamka anapiga yowe mpaka majirani wanakuja na fimbo. Anasema aliwahi kumwacha mwanawe mara moja kwenye uchochoro, hamwachi tena. Kwa hiyo kaka hafumi, haandiki, na wewe unaelewa kwa nini barua hii ni yangu. Kazi yako tafuta mtu mwingine, na ukimpata, mwache azungumzie chui.

Jana jioni mama alipitiwa na usingizi mzito, wa kwanza tangu arudi kutoka kwenu. Vidole vikalegea vyenyewe, nikaona mkono wa kaka umelala wazi kwenye mapaja yake, haukushikwa na mtu. Nikamnong'oneza, "Haya, toka upesi ukanyooshe mgongo, mimi nitakaa naye." Kaka akaniangalia. Kisha akatikisa kichwa, akavichukua vile vidole vya mama kimoja kimoja, akavifunga upya juu ya kiganja chake.

Algase